Chombo cha Fundi Wetu Kipimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Mikono ya watu wa visiwa hivi haikuanza leo kuunda vyombo. Kwa karne nyingi majahazi, mashua na ngalawa zimeundwa ufukweni, bila ya karakana ya kuta wala mchoro wa karatasi, zikashushwa majini na zikarudi salama. Nchi kavu nako mikono hiyo hiyo imeunda gari la ng'ombe, gari la kukokota la mahamali, na bodi za mbao za magari ya abiria yaendayo shamba. Leo tunapenda kuzungumzia chombo kimoja kidogo cha nchi kavu, nacho ni trela la kuundwa nyumbani. Kauli yetu tunaitanguliza mapema ili msomaji aijue: chombo kilichoundwa na fundi wetu kina haki ya kupimwa kabla ya kuhukumiwa, na aliyekiunda ana wajibu wa kukileta kikapimwe.

Mfano wetu tutautafuta mbali, nchini Marekani, kwa sababu huko jambo hili limepitia hatua zote na mafunzo yake yako wazi. Katika miaka ya 1930, nchi ile ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, watu wa kipato cha kawaida walianza kujiundia matrela madogo ya kulala safarini. Trela hilo lina umbo la tone la chozi, na kwa jina hilo ndivyo wenyewe wanavyoliita. Mbele ni mviringo, juu limeinuka kidogo, na nyuma linateremka taratibu. Ndani mna nafasi ya godoro la watu wawili, wala hapana zaidi. Mtu huingia kwa kuinama, na akishaingia hana la kufanya ila kukaa au kulala. Nyuma pana mlango unaofunguka kwa kuinuliwa juu, na chini yake pamewekwa jiko na makabati. Mpishi husimama nje, na mlango ule ule humkinga jua na mvua.

Ukubwa wa trela hilo haukuamuliwa na mhandisi wala na waziri. Uliamuliwa na duka la mbao. Ubao wa plaiwudi huuzwa ukiwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, basi trela nalo likawa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Kwa kipimo hicho fundi hakutupa mbao, na mnunuzi hakulipia asichokitumia. Uzito wake aghalabu ulikuwa kati ya kilo 300 na kilo 500, kwa hiyo gari la kawaida la familia liliweza kulivuta bila ya kuhangaika.

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, mabati mepesi ya alumini yaliyokuwa yakitumika katika viwanda vya ndege za kivita yalipatikana kwa wingi, na mafundi wa nyumbani wakayatumia kufunikia matrela yao. Wapo pia waliotumia magurudumu ya magari ya jeshi yaliyobaki baada ya vita. Magazeti ya ufundi ya nchi ile, likiwemo lile la Popular Mechanics, yalichapisha katika miaka ya 1940 michoro na vipimo ambavyo mtu yeyote mwenye msumeno, randa na subira angeweza kuvifuata. Viwanda vidogo navyo vikaingia katika kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 barabara zikawa pana, magari yakawa na nguvu zaidi, watu wakataka matrela makubwa, na lile dogo likaanza kusahauliwa. Lakini tangu miaka ya 1990 limerudi tena, na leo wako watu wanaoliunda uani kwao kama walivyoliunda babu zao.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, sisi yatuhusu nini? Unguja yote, kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, haina urefu zaidi ya kilomita 85 au karibu ya hapo. Mtu anayetoka Nungwi kwenda Makunduchi hahitaji kulala njiani. Twakubali. Hatumwambii mtu aache nyumba yake akalale katika sanduku la magurudumu. Tunachokitazama sisi si godoro, ni njia iliyofuatwa: mtu wa kawaida amekiunda chombo kwa mikono yake, kwa vifaa vinavyopatikana dukani, kwa vipimo vilivyoandikwa kwa lugha yake, kisha chombo hicho kikakubaliwa barabarani kwa utaratibu unaojulikana. Katika mambo hayo manne, mawili ya mwanzo sisi tunayo tangu zamani. Mawili ya mwisho ndiyo yanayostahili mazungumzo.

Tukitazama jinsi trela hilo linavyoundwa tutaona kwamba fundi wetu si mgeni wa kazi hiyo. Kwanza hutengenezwa fremu ya chuma, ikafungwa ekseli, springi na magurudumu mawili. Juu ya fremu huwekwa sakafu ya mbao iliyopakwa dawa au rangi ya kuzuia maji. Kisha hukatwa mbavu mbili za plaiwudi kwa umbo la tone, zikasimamishwa ubavu huu na ubavu huu, zikaunganishwa kwa vipande vya mbao vinavyopita juu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Aliyepata kumtazama fundi wa jahazi akipanga mataruma ataielewa kazi hii bila ya kufundishwa. Juu ya mataruma hayo hupigwa mbao nyembamba zinazokubali kupindwa, na juu yake bati la alumini. Kila palipokutana bati na bati hutiwa gundi ya kuzuia maji, kwani adui wa trela ni yule yule adui wa mashua: maji yanayopenya kidogo kidogo yakaozesha mbao kwa ndani, mwenye chombo asijue mpaka siku kinapovunjika. Fundi anayejua kalafati hana haja ya kuhadithiwa madhara ya tundu dogo.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo jahazi halimfundishi mtu, nalo ni mvuto wa barabarani. Trela lililopangwa vibaya huanza kuyumba kulia na kushoto kila mwendo unapoongezeka, hata likalisukuma gari linalolivuta nje ya njia. Dawa yake ni kuupanga uzito. Mafundi wa Marekani hufuata kanuni kwamba katika kila kilo 100 za trela pamoja na mzigo wake, kilo 10 hadi 15 ziangukie kwenye kiungo kinacholiunganisha na gari. Kwa hiyo trela la kilo 400 liwe linakandamiza kiungo kwa kilo 40 hadi 60. Ikipungua mno, trela litayumba. Ikizidi mno, nyuma ya gari itadidimia na magurudumu ya mbele yatapoteza nguvu za kushika njia. Ndiyo maana ekseli haiwekwi katikati hasa, bali hurudishwa nyuma kidogo, na mzigo mzito hupakiwa mbele ya ekseli wala si nyuma yake.

Kadhalika, kiungo kimoja hakitoshi. Chini yake hupitishwa minyororo miwili ya usalama, ikapishana kwa umbo la msalaba, ili kiungo kikikatika mkono wa trela uangukie juu ya minyororo na usichimbe lami. Nyuma huwekwa taa nyekundu, taa za breki na taa za kuonyesha upande, na pembeni vioo vya kuakisi mwanga. Vitu hivi si vya anasa. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya maziko.

Tena serikali za huko hazikukaa zikalitazama jambo hili kwa mbali. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu aliyeunda trela kwa mkono wake huenda kwenye ofisi inayosajili magari akiwa na stakabadhi za vifaa alivyonunua. Trela lake hukaguliwa, kisha hupewa namba ya utambulisho inayobandikwa au kugongwa kwenye fremu, na bamba la namba la kufungwa nyuma. Masharti hayalingani katika kila jimbo. Yapo yanayolegeza kwa matrela mepesi, na yapo yanayokaza. Lakini msingi ni mmoja: ofisi haimwulizi mwananchi kwa nini hakununua trela la kiwandani, humwuliza kama trela lake lina taa, lina minyororo, na kama fremu yake imechomewa ikashika.

Sasa turudi nyumbani. Haja ya chombo kidogo cha kuvutwa iko kila upande wa visiwa vyetu. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni akina mama, wamekuwa wakilima zao hilo kwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani mbichi uliojaa maji ni mzito, na mara nyingi hutolewa baharini kwa kichwa au kwa mgongo. Pemba, kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu zetu, mashamba yako vilimani na mabondeni, na magunia lazima yafike mahali pa kuanikia na pa kuuzia. Mvuvi anayeshuka na samaki alfajiri anashindana na jua. Mama anayeuza chakula hubeba jiko, maji na meza kwenda na kurudi kila siku. Naye angefaidika mno na sanduku la magurudumu lenye mlango wa nyuma unaoinuka, mfano wa lile tulilolieleza.

Mafundi wetu wameiona haja hiyo, na hawakungoja kuamrishwa. Wanachukua ekseli ya gari lililokufa, wanaikata, wanaichomea fremu, wanapiga mbao, na chombo kinaondoka siku ya pili. Tunawapongeza kwa bidii hiyo. Lakini mwulize fundi wa namna hiyo vipimo vyake amevitoa wapi. Aghalabu atakuonyesha trela jengine lililotangulia, nalo lilifuata lililotangulia kabla yake. Likiwa la mwanzo lilikosewa, kosa limerithiwa na yote. Ndivyo tunavyopata chombo kizuri kwa macho, kimepakwa rangi za kupendeza, na nyuma yake hakina hata kioo kimoja cha kuakisi mwanga.

Hatari ya hali hiyo haihitaji kutiwa chumvi. Barabara zetu ni nyembamba, na zinatumiwa kwa pamoja na magari, pikipiki, baskeli, ng'ombe na waendao kwa miguu. Trela au gari la ng'ombe lisilo na taa, likiwa njiani baada ya Magharibi, ni ukuta mweusi katikati ya barabara. Dereva wa nyuma hulijua likiwa limeshafika mbele ya kioo chake. Na trela linalokatika kiungo karibu na skuli halichagui wa kumgonga. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kinachoundwa nyumbani ni chema. Twasema kwamba chema na kibaya havitajulikana mpaka vipimwe.

Yuko atakayesema kwamba njia fupi ni kupiga marufuku. Tumelitafakari jambo hilo na hatukuliona kuwa na manufaa. Haja haipigwi marufuku. Magunia yatabaki shambani na mwani utabaki ufukweni, na watu watautafuta usafiri wake. Trela lililokatazwa halitoweki. Huanza kutembea usiku, tena bila ya taa, ili lisionekane. Marufuku ingekiondoa chombo machoni mwa mkaguzi, na ikakiacha njiani mwa mwananchi.

Yuko pia ofisa mwangalifu atakayesema: tukilikagua trela la fundi wa mtaani tukalipa namba, kisha likadhuru watu, lawama itatuangukia sisi. Tunamheshimu ofisa huyo kwa kuifikiria dhamana yake. Lakini tunamwomba afikiri pia juu ya lawama ya upande wa pili. Matrela hayo yamo barabarani leo. Kutoyatazama hakuyafanyi yasiwepo. Mkaguzi aliyepima na akaandika alichokiona ametimiza wajibu wake hata kama mwenye chombo ataharibu baadaye. Aliyeona na akageuza uso hana cha kujitetea.

Na kwa wale wanaoona kwamba suluhisho ni kuagiza matrela ya kiwandani kutoka ng'ambo, hatuna ugomvi nao. Mwenye uwezo na aagize. Ila fedha ya trela lililoagizwa huvuka bahari na isirudi, na likivunjika, anayeitwa kulitengeneza ni yule yule fundi tuliyekataa kumnunulia. Fedha ya trela lililoundwa hapa humfikia seremala, fundi wa kuchomea, muuza mbao na kijana anayejifunza kazi chini yao.

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza kwa wahusika mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, vipimo viandikwe. Kiwepo kijitabu kidogo cha Kiswahili chenye michoro, kinachoeleza upana na urefu unaokubalika, uzito wa juu, mahali pa ekseli, ukubwa wa kiungo, minyororo, taa na breki. Breki zitiliwe mkazo, hasa kwa vilima vya Pemba, ambako trela lenye mzigo huweza kulisukuma gari linalolivuta badala ya kuvutwa nalo. Kijitabu hicho kifike kwa masheha, kwenye karakana na kwenye maduka ya vifaa. Mtu hahukumiwi kwa kanuni asiyopata kuisoma.

Pili, ukaguzi umfuate fundi. Ziko wilaya 11 katika Unguja na Pemba. Haitakuwa taabu kubwa kila wilaya ikapangiwa siku yake maalumu, mkaguzi na askari wa usalama barabarani wakafika na kuvikagua vyombo vya kuvutwa kwa pamoja. Mtu wa Micheweni au wa Kizimkazi asilazimike kulivuta trela lisilopimwa masafa marefu ili lipimwe. Ada nayo iwe ya kiasi ambacho mwenye chombo anakimudu, kwani ada kubwa ni marufuku iliyovaa nguo nyengine.

Tatu, chombo kilichofaulu kipewe namba, na daftari liandikwe jina la mwenye chombo na jina la fundi aliyekiunda. Fundi ambaye jina lake limeandikwa atachomea kwa uangalifu zaidi. Na fundi hodari atajulikana, watu wa wilaya nyengine watamtafuta, na kazi yake itamlipa. Kisichofaulu kisichukuliwe kikatupwa; mwenyewe aelezwe kwa maandishi kasoro zake na apewe muda wa kuziondoa.

Nne, vyuo vya mafunzo ya amali, Unguja na Pemba, vilichukue jambo hili kuwa somo la vitendo. Katika trela moja mna useremala, uchomeaji, umeme, upakaji rangi na hesabu ya uzito. Wanafunzi wakiliunda moja kila mwaka kwa kufuata vipimo vya kijitabu, chuo kitakuwa na mfano ambao fundi yeyote wa mtaani anaweza kuja kuutazama na kuupima kwa futi yake mwenyewe.

Baada ya kuwaambia viongozi, hatuna budi kuwaambia na wenzetu mafundi na wenye vyombo. Serikali haitakuwepo uani mwako unapochagua ekseli. Ekseli iliyoanza kupata ufa haiponi kwa rangi mpya. Chuma kilicholiwa na kutu, na katika visiwa vyetu kutu haina likizo, kisifichwe chini ya bati. Asiyejua kuchomea kiungo ampe anayejua. Anayekodisha trela asikubali lipakiwe kupita kiasi kwa sababu mteja ana haraka. Na trela la mizigo ni la mizigo. Kupakia watu juu yake, na hasa watoto, ni kuchezea roho za watu. Wenye magari ya ng'ombe nao wasingoje kijitabu kitoke. Vioo viwili vyekundu vya kuakisi mwanga, vikafungwa nyuma leo jioni, vinaweza kumwokoa mtu usiku huu huu.

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za mikono tunazo, za mbao na chuma tunazo. Zinazopungua ni kalamu ya kuandika vipimo na jicho la kukagua. Kalamu na jicho hilo vimo mikononi mwa viongozi wetu. Tunawaomba waanze na wilaya moja, katika Unguja au Pemba, wajaribu kwa mwaka mmoja, kisha waitishe mafundi, madereva na masheha waulizane kilichofaa na kisichofaa. Na siku ya ukaguzi itakapotangazwa, wenye matrela wajitokeze mchana, mbele ya watu, wakiwa na vyombo vyao na majina yao.